Kiraka cha Jicho la Kushoto

8 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Huku tupo, tunasukuma siku. Pacha wanakula kama mchwa. Yule aliyetangulia kuzaliwa ameng'oka jino la mbele, na mwenzake amelia siku mbili akidai na lake ling'olewe. Mama Pacha anakusalimu wewe wifi yake, anasema shuka zilifika salama. Mpe Mama shikamoo yangu, mwambie dawa ya magoti naitafuta, sijasahau.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya kiwandani iko mezani kwa msimamizi. Ukiongea pale, ofisi nzima inasimamisha kazi ili ikusikilize.

Dada, jicho linanisumbua. Sisemi lile zima, nasema lile la kushoto. Tangu mwezi uliopita linatoa uchafu mzito, asubuhi naamka kope zimegandana. Lile jicho la bandia haliketi tena vizuri. Juzi nilikuwa naongea na Kifupi, yule jirani yangu anayefunga minyororo chini ya winchi, likageuka likatazama pembeni. Na yeye akageuka kuona kuna nini ukutani. Nilicheka, akacheka, yakaisha.

Jumapili nililitoa nilisafishe kama ulivyonifundisha, nikachukua kioo cha Mama Pacha nikasimama dirishani. Katikati ya ile nyama nyekundu kuna kitundu, kama punje ya mtama. Ndani yake kuna kitu cheupe, kinakwaruza kama jiwe la kusugulia miguu. Nimekigusa kwa ncha ya kitambaa safi. Hakiumi hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Nitumie dawa ya kupaka, ile ya kwenye mrija mdogo. Mama usimwambie. Kiwandani hakuna anayejua lolote, na wewe unajua kwa nini inabidi iwe hivyo.

Mdogo wako,
Kitinda

21 Februari

Kitinda,

Marahaba. Mama hajambo, magoti tu, na siku hizi anagombana na redio. Mtangazaji akikosea neno, anamsahihisha mpaka majirani wanasikia. Mimi niko chumba cha upasuaji siku nne kwa wiki, miguu inavimba lakini kazi inakwenda.

Dawa iko humu, nimeifunga kwa pamba. Paka mara tatu kwa siku, ila usijidanganye kwamba itaziba tundu.

Hicho ulichokiona ni gololi. Ulipoumia pale karakana, kile kipande cha chuma kikapasua jicho, tulilitoa tukaweka gololi mahali pake ili tundu lisibonyee na lile jicho la bandia lipate pa kukaa. Gololi hufunikwa na utando wa mwili wako. Miaka inapita, utando unachakaa, gololi inachungulia. Ikichungulia, vijidudu vimepata mlango.

Nimemuuliza daktari wetu, yule mama mrefu aliyekutibu. Sikutaja kwamba ni wewe, akajua mwenyewe. Anasema tundu kama hilo halisubiri sana. Anachukua kipande cha ule utando mweupe mgumu unaofunika msuli wa paja, anaukata kama kiraka, anaushonea juu ya gololi. Juu ya kiraka anaweka ngozi laini kutoka ndani ya mdomo. Vyote vinatoka mwilini mwako, kwa hiyo mwili haugombani navyo. Baada ya hapo unakaa wiki sita mpaka nane bila jicho la bandia, hadi kiraka kishike.

Njoo mwezi Machi. Usinipige chenga.

Dada yako

30 Machi

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Paa lilivuja, pacha wakaugua mafua kwa zamu, nikajikuta Machi imekwisha.

Wiki sita siwezi. Hapa ruhusa ya ugonjwa ikizidi siku saba, huruhusiwi kurudi kazini mpaka upite kwa daktari wa kiwanda, na yeye huanza na macho. Anafunika moja, unasoma ukutani. Anafunika la pili. Sasa niambie nitasoma nini.

Nilichofanya, niliomba siku tano. Nikaenda kwenye zahanati moja mbali kidogo na hapa, kuna mganga anayetibu macho. Akasema kazi ndogo. Akavuta ngozi huku na huku, akashona. Nyuzi nne. Siku ya sita nilikuwa nimepanda winchi.

Hujawahi kuliona hilo kabati ninalofanyia kazi, ngoja nikueleze. Linaning'inia chini ya paa la bati, ngazi arobaini na mbili kwenda juu. Vioo mbele, vioo chini ya miguu, kiti kimoja na mikono miwili ya chuma. Ukishapanda hushuki mpaka zamu iishe, kwa sababu ukishuka chini wote wanasimama. Nina chupa ya maji ya kunywa na chupa nyingine usiyotaka kuisikia. Kuanzia saa nne, joto la tanuri linapanda na kukaa nawe. Wenzangu wananiita Ndege. Ndege gani huyo asiyeweza kutoka kwenye tundu lake.

Lakini ni kazi, dada. Nyumba tunayoishi ni ya kiwanda. Shule ya pacha iko getini. Na yote hayo yalikuja kwa sababu ya ile karatasi. Sijaisahau na sitaisahau.

Kitinda

12 Aprili

Kitinda,

Marahaba. Sote wazima.

Kwanza, ukishavuta ngozi iliyochakaa ukaishona kwa nguvu, inafanya kama shati dogo tumboni kwa mtu mnene. Itaachia. Ikiachia, tundu litakuwa kubwa kuliko lile la mwanzo. Uniandikie siku hiyohiyo.

Pili, usitaje karatasi yoyote kwenye barua zako. Barua zinapitia kwa Mama kabla hazijanifikia, na macho yake bado yanasoma vizuri kuliko unavyodhani. Akiniuliza karatasi gani, nimjibu nini?

Usalimie nyumbani.

Dada yako

2 Juni

Dada,

Shikamoo. Natumaini Mama yu mzima. Huku mvua zimekwisha, vumbi limeanza. Pacha wamejifunza kuendesha baiskeli ya jirani, wanapeana zamu kuanguka.

Nyuzi ziliachia, kama ulivyosema. Sikuandika siku hiyohiyo, najua. Tundu sasa ni kama kifungo cha shati. Naendelea na dawa ya mrija, na mchana navaa miwani ya kiwandani, ile ya kukinga cheche, kwa hiyo hakuna anayeona.

Nilitaka kukuuliza jambo, wewe ni mtu wa hospitali. Mtu akikatwa vidole vyote vitano vya mguu wa kulia, anaweza kutembea bila fimbo? Baada ya muda gani? Na je, anaweza kusimama kutwa nzima?

Ni swali tu. Kuna mtu aliuliza.

Kitinda

11 Juni

Kitinda,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara tatu. Kuhusu jicho lako umeandika mistari minne. Kuhusu vidole vya mguu wa mtu mwingine, umeuliza maswali matatu.

Anaweza kutembea, kwa kiatu kilichojazwa mbele, baada ya miezi kadhaa. Kusimama kutwa ni vigumu, hasa kidole gumba kikiwa kimekwenda. Usawa wa mwili unategemea kile.

Sasa nijibu na wewe. Ni vidole vya nani? Februari uliniandikia habari za huyo Kifupi, hata Mama Pacha alipoandika kadi ya kunishukuru aliandika vichekesho vyake. Katika barua hii hayumo. Usiniandikie habari za vumbi.

Dada yako

25 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua hii naomba isipitie kwa Mama. Nimeituma kwa anwani ya wodini.

Ni Kifupi. Ilikuwa tarehe kumi na nne Mei, saa tano asubuhi.

Kwanza uelewe kazi yetu. Yeye yuko chini, anafunga mafungu ya nondo kwa minyororo, anahakikisha yamekaza, anasogea, ananyanyua mkono. Mkono ukinyanyuka, mimi navuta. Miaka sita sasa nafanya kazi kwa jicho moja na sijawahi kugusa hata kofia ya mtu, na sababu ni yeye. Daima anasimama upande wangu wa kulia. Sijui kama aliwahi kuhisi kitu. Hakuuliza, nami sikumwambia.

Siku hiyo lori lilikuwa limeegeshwa upande wa kulia, hapakuwa na nafasi, akahamia kushoto. Jicho lilikuwa linachuruzika mpaka kidevuni. Nikatoa miwani nijifute. Nikageuka kulia kupima kama fungu litapita bila kugusa lori. Chini nilisikia minyororo inalia, nikadhani tayari, nikavuta. Fungu likayumba kushoto. Sikuona chochote. Nilisikia sauti yake, mara moja tu, halafu watu wakaanza kukimbia nami niko juu, ngazi arobaini na mbili.

Mchana ule msimamizi akaniita mbele ya watu wawili wa ofisini. Akaniuliza, "Alinyanyua mkono?"

Nikasema, "Alinyanyua."

Hakunyanyua, dada. Ama sikuona kama alinyanyua, na huko ndiko kusema hakunyanyua. Nilisema neno moja likaandikwa. Sasa ripoti inasema Kifupi alisimama pasiporuhusiwa, akatoa ishara akiwa hajasogea. Uzembe wake mwenyewe. Kamati itakaa mwezi wa tisa kuamua kama anaachishwa kazi.

Nilikwenda kumtazama hospitalini. Mkewe alinipa kiti. Kifupi akaniuliza taratibu, kama mtu anayetafuta funguo alizoziweka mahali, "Ndege, hivi mimi kweli nilinyanyua mkono?" Nikamsogezea mto. Akasema, "Labda nilinyanyua kujifuta jasho. Labda. Mimi mwenyewe sikumbuki."

Ameanza kuamini, dada. Kila nikienda anazidi kuamini.

Nikisema ukweli, wataniuliza kwa nini sikuona. Wataivuta ile fomu kutoka kwenye faili. Mwandiko ulioko pale si wangu. Ndiyo maana nimekaa nalo peke yangu wiki sita. Nimebanwa huku na huku, sina pa kugeukia.

Mdogo wako

20 Julai

Kitinda,

Nimechukua wiki tatu kujibu kwa sababu nilitaka kuandika nikiwa nimetulia. Bado sijatulia, lakini daktari amepanga tarehe, siwezi kungoja zaidi.

Nitalitaja mara moja, na hatutalirudia. Fomu ile niliijaza mimi. Niliandika macho yote mawili mazuri, nikaigonga muhuri, nikaiingiza katikati ya karatasi ishirini ambazo daktari wa wodi alikuwa anasaini huku akinywa chai. Ulikuwa umekaa mwaka mzima bila kazi, mkeo ana mimba ya watoto wawili, na Mama alikuwa halali. Nilisema moyoni, winchi ni kitu cha kuvuta na kushusha, jicho moja linatosha. Sikujua lolote kuhusu winchi.

Nina miaka ishirini na mitatu katika kazi hii. Vyumba hivi viwili tunavyokaa na Mama ni vya hospitali. Nikinyang'anywa leseni, tunatoka siku hiyohiyo. Mama ana miaka sabini na moja.

Kwa hiyo, nyamaza. Mguu umeshaumia, maneno yako hayatamrudishia vidole. Mtembelee, msaidie, lakini mdomo wako ufunge.

Likizo yako ya mwaka ni Agosti. Njoo tarehe nne, daktari atakupasua tarehe tano. Likizo haihesabiwi kuwa ruhusa ya ugonjwa. Wiki zitakazobaki tutatafuta la kusema.

Dada yako

3 Septemba

Dada,

Shikamoo. Nimefika salama. Basi liliharibika njiani, tukalala kwenye viti, lakini nililinda uso kama ulivyoagiza. Pacha waliniona na bandeji, na yule mdogo akauliza kama nimeleta biskuti.

Nashukuru kwa yote. Niliyokumbuka njiani ni mambo madogo. Ulivyonivalisha lile gauni la kijani bila kunitazama. Ulivyohesabu vifaa kwa sauti na yule daktari mrefu akaniambia, "Ukiamka utahisi mdomo na paja kuliko jicho." Alisema kweli. Paja lilikuwa linawaka, na ndani ya mdomo palikuwa kama nimeuma kaa la moto. Siku tatu nilikunywa uji kwa mrija. Nilipofungua macho, au niseme lile moja nililo nalo, ulikuwa umesimama miguuni pa kitanda. Ulisema, "Usikunje mguu." Basi. Siku kumi na tisa nyumbani kwako, hilo ndilo lililokuwa neno refu kuliko yote.

Mama aliniuliza jikoni, "Nyie wawili mmegombea nini?" Nikamwambia tumechoka tu. Akasema uchovu hauna sura hiyo.

Nimerudi kazini Jumanne. Winchi amepewa mwingine kwa muda, mimi nahesabu nondo chini, bandeji usoni. Nimesema ni uvimbe. Daktari wa kiwanda yuko likizo, anarudi tarehe kumi na tano, na jina langu ni la kwanza kwenye orodha yake. Kamati ya Kifupi inakaa tarehe ishirini na moja.

Jana nilikwenda kwake. Paja bado linavuta, nikaingia nachechemea. Alikuwa mlangoni na magongo yake mawili, anajizoeza kutoka kizingitini hadi kwenye pipa la maji na kurudi. Akaniona, akasimama. "Pole na jicho, jirani," akasema. Akamwambia mkewe anitolee kiti. Yeye ndiye aliyenipa pole mimi. Nilikaa kwenye kile kiti, nikanywa chai yao, nikaondoka bila kusema chochote, kama ulivyotaka.

Sijui nitaweza hivi mpaka lini.

Kitinda

12 Septemba

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Anaulizia kiraka kila siku kana kwamba ni mjukuu mpya. Mwambie Mama Pacha aendelee kukusafishia kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, na lile ganda la plastiki alilokuwekea daktari kushikilia nafasi ya jicho lisitolewe.

Nilikuwa nimeketi mezani wodini siku ya Jumatatu, akaja dereva wa lori, mtu wa makamo. Jicho lake la kulia lina kovu katikati, haoni nalo kitu. Alikuwa na fomu ya kuhuisha leseni. Akainama karibu na sikio langu akasema, "Sista, andika tu mazuri. Nina familia." Kwa heshima kabisa. Kalamu nilikuwa nayo mkononi.

Nilimwambia hapana. Akanitazama kama ukuta, nikakumbuka kwamba hivyo ndivyo nilivyomfanya yule Kifupi wako, mtu nisiyemjua, nilipoandika kwamba unyamaze. Akaondoka na fomu yake, na mimi nikaenda stoo ya shuka nikafunga mlango. Nilikaa mle ndani mpaka walipokuja kunigongea.

Nilikuambia maneno yako hayatamrudishia vidole. Ni kweli. Lakini anaambiwa amejikata mwenyewe na ameanza kuamini, na mimi ndiye niliyekuamuru umwache aamini. Nilijiambia ni kwa ajili ya Mama. Mama hakuniomba.

Nimemwandikia meneja wa kiwanda chako. Nimeeleza fomu niliijaza mimi kwa mkono wangu, daktari aliyesaini hakusoma, na wewe huna jicho la kushoto tangu miaka saba iliyopita. Habari ya siku ya ajali sikugusa, hiyo ni yako. Nimeituma jana kwa rejista. Watu wa posta wanasema itafika Alhamisi ya tarehe kumi na saba. Unazo siku chache za kusema mwenyewe kabla haijafunguliwa. Nenda, usiningoje.

Matroni nimemwambia leo asubuhi. Alinisikiliza akiwa amesimama, halafu akakaa.

Dada yako

14 Septemba

Dada,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za posta, bahasha iko gotini, kwa hiyo usione mwandiko.

Nimesema. Ijumaa, tarehe kumi na moja. Nilikwenda kwa meneja kabla hajavua koti. Nikavuta bandeji nikamwonyesha. Nikamwambia sikumwona Kifupi na nisingeweza kumwona, na mkono wake hakuunyanyua. Aliniuliza kwa nini nilisema alinyanyua. Nikamwambia niliogopa. Akaandika hilo neno kama lilivyo.

Kisha akatoa faili. Hapo sikutetereka, usiogope. Nimemwambia fomu niliijaza mwenyewe. Nimesema wakati nimelazwa hospitalini niliona muhuri mezani hauna mtu, nikaugonga kwenye karatasi, nikaja kuijaza na kuiga saini nyumbani. Nimesema ndugu zangu hawajui. Kwa hiyo mtu yeyote akija kukuuliza, sema hujawahi kuiona. Ukisema hivyo, mimi na wewe tunasema kitu kimoja. Mama atabaki pale alipo.

Kutoka kwa meneja nilikwenda moja kwa moja kwa Kifupi. Alikuwa amekaa, mguu juu ya kigoda. Nilisimama, sikutaka kiti. Nikamwambia yote kuanzia karakana mpaka ile sauti ya minyororo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Miezi minne, Ndege." Akashika magongo, akaingia ndani, akafunga mlango mwenyewe.

Kwa mara ya kwanza tangu Mei nimelala usiku kucha. Mama Pacha ndiye ambaye hakulala.

Mdogo wako

29 Septemba

Dada,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe kumi na mbili ilinifikia tarehe kumi na nane, siku moja baada ya ile ya meneja. Unaweza kukisia.

Aliniita. Barua yako mezani upande mmoja, maelezo yangu upande wa pili. Akasema, "Dada yako anasema wewe ni mwongo." Nikajibu kwamba dada yangu anajaribu kunibeba. Akasogeza fomu karibu na barua yako. Herufi ni zilezile, hata ile mikia mirefu unayoweka. Akasema katika miaka yake yote ofisini hajaona watu wawili wanaogombania kosa.

Nimemwaga unga, dada. Sina kazi. Nyumba tuiachie mwisho wa Oktoba. Kaka yake Mama Pacha ana chumba cha nyuma, tutaanzia hapo, watu wanne na masanduku. Polisi walinihoji siku moja nzima, wamechukua maelezo, wamesema wataniita. Sijui wataniita lini, wala wataniita kwa lipi.

Kamati ilikaa tarehe ishirini na moja. Walifuta lile neno uzembe. Kifupi anabaki, amepewa kazi ya kukaa stoo, na kiwanda kitamtengenezea kiatu. Sikuwapo, mkewe ndiye aliyemweleza Mama Pacha kisimani. Yeye mwenyewe bado hajanisemesha. Ila juzi nilipita mbele ya mlango wake na ndoo, yuko kizingitini. Akasema, bila kuniangalia, "Angalau najua sikunyanyua mkono." Nikasema, "Hukunyanyua." Nikaendelea na ndoo yangu.

Kwa nini hukuningoja siku tatu tu? Ungeokoka. Halafu nakumbuka hata wewe hukujua nimeshasema. Tuliandikiana kwa wakati mmoja, kila mtu anamkinga mwenzake.

Kuhusu jicho, Mama Pacha anasema nyama imekuwa ya waridi, haina tundu. Ameangalia kwa tochi.

Kitinda

8 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba, na poleni. Mwambie wifi yangu nimempa pole yeye kwanza.

Mimi nimesimamishwa. Baraza litanisikiliza Novemba, na matroni ameniambia nisitegemee kurudishiwa leseni. Funguo za kabati la vifaa nilizikabidhi Ijumaa. Aliyezipokea ni msichana niliyemfundisha mwenyewe kunawa mikono. Vyumba tumepewa mpaka Desemba. Nimeulizia kazi ya kuosha chupa kwenye duka la dawa, wanasema nirudi wiki ijayo.

Mama nimemwambia. Nilimkalisha, nikaizima redio, nikamweleza yote. Siku mbili hakuiwasha redio. Siku ya tatu, ananyoosha shuka, akasema, "Mngeniambia tangu mwanzo ningewafokea pamoja mkamaliza. Sasa nitalazimika kumfokea mmoja mmoja, na huyo mwingine yuko mbali." Halafu akalia kidogo, akaendelea na shuka. Bado ananiuliza tutahamia wapi.

Uliniuliza kwa nini sikukungoja. Miaka sita nilikuwa nangoja mtu aligundue. Nilichoka, Kitinda.

Sasa sikiliza. Yule daktari mrefu anataka kukuona tarehe ishirini, zitakuwa wiki kumi na zaidi. Ataangalia kama kiraka kimeshika pande zote. Kikiwa kimeshika, fundi wa macho ya bandia atakuchukua vipimo siku hiyohiyo, na utapata jipya, kwa sababu la zamani halitakaa tena. Kama kuna ukingo ulioachia, atakata kiraka kingine kwenye paja la pili. Hajaahidi, nami siahidi.

Uje asubuhi mapema, uchukue namba dirishani kama watu wote. Siruhusiwi kuvuka ule mlango wa kijani wa wodi, kwa hiyo usinitafute ndani. Nitakuwa nje kwenye benchi refu, pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine. Mama amesema na yeye atakuja. Nimemwambia benchi ni gumu. Amesema ataleta mto.

Dada yako